Hita inawaka usiku kucha na jiko limefungwa: nianzie wapi?

JikoKuu: Wakuu, mgahawa una tangi la kupasha maji kwa umeme la lita 300. Themostati iko nyuzi 75, maana mashine ya kuosha vyombo inataka nyuzi 82 kwenye suuza ya mwisho. Pampu inazungusha maji saa 24 kwenye bomba la shaba la milimita 28, mita 30 kwenda na kurudi, tupu bila kuvikwa chochote. Usiku hita haitulii, na wakati wa kuosha vyombo maji yanatoka vuguvugu. Niongeze tangi la pili au nifunge sola?

Mvuke60: Usinunue chochote kwanza. Bomba tupu la saizi hiyo, likiwa na maji ya nyuzi 60, linapoteza takriban wati 35 kila mita. Mita 30 ni kama kilowati moja, yaani uniti 24 kwa siku hata asiponawa mtu. Kwa nyuzi 75 ni zaidi. Livike povu la mpira la unene wa milimita 25, pamoja na viwiko na valvu. Mafundi wengi huruka viwiko, na joto linatokea hapohapo.

Halafu bunduki ya kusuuzia vyombo, ile ya mkono ya kunyunyizia maji: kinga ndoo ya lita 10, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 50, hiyo ni lita 12 kwa dakika. Zipo za lita 5 zinazosafisha vizuri tu. Kwa saa mbili za kusuuza kwa siku, maji yakipandishwa nyuzi 25, unaokoa kama uniti 24.

KokiMbili: Hilo la vuguvugu si udogo wa tangi, nashuku maji baridi yanaingilia. Bunduki ikiachwa na koki zote mbili wazi, huku imefungwa kwenye kishikio tu, maji baridi yanapenya upande wa moto kupitia kichanganyio. Pima hivi: zima umeme wa hita na pampu, funga maji yanayoingia kwenye tangi, fungua koki yoyote ya moto. Mkondo ukiendelea baada ya dakika moja au mbili, kuna mahali maji baridi yanavukia upande wa moto.

JikoKuu: Nimepima. Yanaendelea kutoka. Nikifunga koki za bunduki, yanakata.

KokiMbili: Basi umempata mchawi, ni bunduki. Weka valvu za kuzuia maji kurudi kwenye mirija yote miwili ya bunduki, ya moto na ya baridi.

Mvuke60: Sasa teremsha tangi hadi 60, na mashine ipewe hita yake ndogo ya kupandisha hadi 82. Kupasha tangi zima kwa ajili ya mashine moja ni hasara tupu. Ila usishuke chini ya 60, na pampu ikizunguka maji yanayorudi tangini yasipungue 50, la sivyo bakteria wa Legionella, wale wanaoleta homa ya mapafu, wanapata makazi.

FundiChokaa: Pampu ifungiwe saa, izime baada ya usafi wa mwisho na iwake nusu saa kabla ya kufungua. Ukoko wa chokaa kwenye tangi la umeme hauongezi bili sana, joto halina pa kwenda ila majini, lakini unaunguza koili inayopasha maji. Kwenye hita ya gesi ndiyo balaa: joto linapaa na moshi. Sola ipimie matumizi mapya, si ya sasa.