Uanagenzi wa kumbukumbu, sera za afya: wiki 10 zitatosha kuhoji watu?

BintiLikoni
Salaam wenzangu. Nasoma uzamili wa afya ya umma hapa Mombasa. Kuna nafasi ya uanagenzi iliyowekwa kumkumbuka mtafiti mmoja wa sera za afya, wiki 10, wanataka pendekezo la kurasa mbili. Nia yangu ni kuwahoji madereva wa tuktuk wa Likoni na Kisauni kwa nini hawachangii SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa. Muda utatosha? Na marehemu nimtaje kiasi gani?

Kalamu_Mvita
Hautoshi, dada. Kwanza kibali cha kamati ya maadili. Bila barua yao NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hawakupi leseni ya utafiti, na ukigusa vituo vya umma, idara ya afya ya kaunti nayo inataka yake. Kamati ikirudisha karatasi kwa sababu fomu ya ridhaa ya Kiswahili haisemi yaliyo kwenye ya Kiingereza (kosa la kila leo hilo), wiki zinakatika hujamhoji hata mmoja.

Chambua sera yenyewe: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, kanuni zake, na Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge. NHIF, bima iliyotangulia SHA, ilimtoza mtu wa jua kali shilingi 500 kwa mwezi. SHA hukadiria 2.75% ya mapato ya kaya, isipungue 300 kwa mwezi, lakini asiye na mwajiri hudaiwa malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo. Dereva anayempelekea mwenye tuktuk chake kila jioni atayatoa wapi? Uliza hoja gani zilitumika kupitisha hilo. Swali hilo linaenea wiki 10.

Takwimu_Pwani
Tena usichanganye kujiandikisha na kuchangia. Aliyejiandikisha tu hupata huduma za msingi bure ngazi ya 2 na 3 (zahanati na vituo vya afya) kupitia Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi. Mchango unadaiwa hasa kuanzia ngazi ya 4, yaani hospitali. Ukivichanganya, msomaji anakuweka kando aya ya kwanza.

SHA ilianza 1 Oktoba 2024, kwa hiyo KDHS ya 2022, ule utafiti wa kitaifa wa afya za kaya, itakupa picha ya enzi za NHIF basi. Wala haishuki chini ya kaunti. Likoni na Kisauni hutazilinganisha kwayo. KHIS, mfumo wa takwimu za vituo vya afya, nayo huhesabu waliofika kituoni. Aliyebaki nyumbani kwa kukosa pesa hayumo.

BintiLikoni
Shukrani. Si wataiona kazi ya maktaba tu?

Kalamu_Mvita
Wakiiona hivyo, mbinu ndiyo itakayokutetea. Ipe karibu ukurasa mzima: nyaraka zipi, za miaka gani, utazisoma ukitafuta nini. Swali nusu ukurasa, ratiba na atakayetumia matokeo wagawane kilichobaki.

Marehemu, sentensi mbili. Soma makala zake, chukua swali aliloliacha wazi, uonyeshe lako linavyolifuata. Sifa achia familia. Kamati ya uanagenzi inamjua kukushinda.

Barua ya mwalimu ya kukupendekeza iombe sasa, umtumie na pendekezo. Asipoliona ataandika kwamba una nidhamu na unawahi darasani.