Mrejesho: kuyumba kwa mama baada ya sindano za jentamaisini

Wakuu, niliwauliza kama kuyumba kwa mama baada ya sindano za jentamaisini, antibiotiki inayoweza kudhuru sikio la ndani, kutaisha. Daktari wa masikio ametueleza kwamba seli zenye vinyweleo za sikio la ndani, zinazosaidia mwili usiyumbe, zikifa hazioti tena. Ubongo ndio unaojifunza kutegemea macho na nyayo. Ndiyo maana mchana anatembea vizuri, umeme ukikatika anashika ukuta. Zoezi linalomsaidia zaidi ni kukazia macho herufi iliyobandikwa ukutani huku akigeuza kichwa kushoto na kulia. Mwanzoni lilimtia kichefuchefu, akalichukia kweli! Vidonge vya kizunguzungu ameachishwa, kwa kuwa vikitumika muda mrefu huchelewesha ubongo kuzoea. Mabango bado yanamchezea machoni akitembea. Sokoni anakwenda mwenyewe, ila magharibi isimkute njiani.