Tumestaafu, tunataka kuizunguka Kusini kwa gari letu: tujiandaeje?

Mstaafu_Kibaha

Habari za humu ndani. Mimi na mke wangu tumeshastaafu. Mimi nina miaka 62, yeye 59. Tumekubaliana tuizunguke Kusini kwa gari, bila haraka: Kibaha, Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, Mtwara, Lindi na kurudi nyumbani. Gari ni RAV4 ya 2004, petroli, otomatiki, limetembea kilomita 168,000 na siku hizi ni la kwenda kanisani na sokoni tu. Dereva mkuu ni mimi. Mwenzangu ana leseni hai ila njia ndefu hajazizoea. Mimi nameza dawa za presha, zikiwamo zile za kukojosha. Yeye anachoma insulini.

Nisaidieni: twende mwezi gani, tuanzie upande upi, tulale wapi, gari likaguliwe kitu gani hasa, na dawa tuzibebeje. Naomba mtu aandike kwa namba na kwa majina ya mahali.

Fundi_Tabata

Shikamoo mzee, na mama naye shikamoo.

Gari linaloishia sokoni ndilo la kukaguliwa zaidi, kwa sababu raba huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita. Anza na matairi. Ubavuni tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna namba nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba hizo ziko upande mmoja tu, kwa hiyo huenda ukalazimika kuingia uvunguni na tochi. Lililopita miaka sita libadilishe hata kama halijawa kipara, maana lami ya saa saba mchana huwaka, na tairi kuukuu hupasuka likiwa kwenye mwendo. Usisahau spea. Kwenye RAV4 hiyo inaning'inia mlango wa nyuma ndani ya kava, hakuna anayeifunua, na mara nyingi ndiyo kuukuu kuliko zote.

Halafu fanya jaribio hili nyumbani: chukua spana ya magurudumu iliyomo garini, ulegeze nati zote za gurudumu moja kwa mikono yako mwenyewe. Watu wa pancha wanakaza kwa mashine, na ile spana fupi haitoshi kuzilegeza. Zikigoma, nunua spana ya msalaba, au bomba la chuma la sentimita 60 la kurefusha mkono. Beba na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki. Pembeni mwa lami ni mchanga, jeki inazama.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukipima mchana ukakuta umeongezeka psi nne au tano, usiupunguze. Hilo ni joto la safari. Ukiupunguza, kesho asubuhi tairi litakuwa laini na litachemka zaidi.

La pili ni kuchemsha. Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, utapanda nyuma ya lori, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, AC imewaka, upepo wa mbele haupo. Hapo rejeta inategemea feni peke yake. Injini za AZ, zilizofungwa kwenye RAV4 nyingi za miaka hiyo, zina udhaifu unaojulikana: zikichemsha, nyuzi za bolti za silinda hedi huvutika ndani ya bloku, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) inaanza kupotea, na tiba yake ni kazi kubwa ya gereji. Kwa hiyo mwaga maji ya bomba, weka kulanti. Badilisha mfuniko wa rejeta kwa wenye namba ile ile (0.9 au 1.1, imeandikwa juu yake). Badilisha thamostati (vali inayodhibiti joto la injini) na hozi mbili kubwa. Fundi akitaka kuing'oa thamostati asirudishe nyingine, mkatalie: baridi ya Njombe injini haitapata joto lake, itakula mafuta na oili itachafuka mapema. Mwisho, acha injini ingurume gari likiwa limesimama mpaka feni zijiwashe na kujizima mara mbili tatu. Feni isiyojiwasha uani kwako haitajiwasha Kitonga.

Njiani ukiona mshale wa joto unapanda kupita kawaida yake, zima AC, washa hita mpaka mwisho, tafuta pa kuegesha. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi ikiwa ya moto.

Breki: pedi zikiwa chini ya milimita 3, badilisha. Mafuta ya breki yakizidi miaka miwili, mwagisha yote, kwa sababu hufyonza unyevu, na unyevu huo ukichemka kwenye mteremko mrefu pedali inazama mpaka chini.

Na mzigo, mzee. Njombe kuna viazi, Masasi na Mtwara kuna korosho. Gunia moja la lumbesa nyuma ya RAV4 linabonyeza shokapu, taa zinaangaza miti, na gari linakuwa zito kusimama. Viazi vitumwe kwa basi.

Vya kubeba: feni belti, fyuzi, balbu mbili za mbele, oili lita 1, kulanti lita 5, maji, nyaya za kuazimia moto wa betri, mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe, na pembetatu mbili za tahadhari. Hivyo viwili vya mwisho trafiki nao huviulizia.

Njia_za_Kusini

Shikamooni. Kwanza mwezi. Kusini mvua ni moja ndefu, Desemba mpaka Aprili. Juni na Julai ni makavu, lakini Njombe ni baridi kali na ukungu wa asubuhi. Oktoba msimu wa korosho unaanza na malori yanajaa Masasi na Mtwara. Mimi ningechagua mwisho wa Agosti mpaka katikati ya Septemba. Kipindi hicho mashamba na mapori huchomwa, hivyo mkikuta moshi umekata barabara, punguzeni mwendo na kuwasha taa mapema.

Upande wa kuanzia: Morogoro na Iringa kwanza, kurudi kwa Lindi. Ukienda hivyo Kitonga unaipanda ukiwa siku ya pili, mwili mpya, breki hazihitajiki sana. Ukizunguka kinyume unaishuka mwisho wa safari, umechoka, katikati ya malori yaliyobeba mzigo wa kutoka Zambia na Kongo.

Mzunguko mzima ni kama kilomita 2,200. Vituo vya kulala:

Kibaha hadi Mikumi mjini, kama km 260. Lala hapo, msilazimishe Iringa siku moja. Barabara inapita ndani ya hifadhi karibu kilomita 50. Fuateni vibao vya mwendo, na kugonga mnyama kuna faini kwa aina ya mnyama.

Mikumi hadi Iringa, km 200. Ondokeni saa moja asubuhi. Mtapita bonde la mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mtafika Kitonga kabla ya mabasi yaliyotoka Dar alfajiri. Ndani ya kona msiovateki hata lori likitambaa. Iringa pumzikeni siku mbili: Isimila kuna zana za mawe za kale, Kalenga kuna makumbusho ya Mkwawa na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954.

Iringa hadi Njombe, km 220. Misitu ya misonobari ya Sao Hill, kisha Makambako yenye upepo unaosukuma gari ubavuni, hasa mkipishana na lori. Shikeni usukani kwa mikono miwili.

Njombe hadi Songea, km 240. Msitoke kabla ya saa mbili, ukungu uishe, kwa sababu mbele kuna kona za Lukumburu. Songea pumzikeni, muione Makumbusho ya Majimaji.

Songea hadi Tunduru, km 265, na Tunduru hadi Masasi, km 195. Hapa mnaelekea mashariki. Mkitoka saa kumi na mbili na nusu jua litakaa machoni kwa saa mbili nzima, na kwa macho yenye mtoto wa jicho linaloanza, hilo ni kama kuendesha kipofu. Tokeni saa tatu, bado mtafika mchana. Kati ya Namtumbo na Tunduru kuna ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji. Tembo huvuka, kwa hiyo jioni isiwakute njiani. Kutoka Tunduru magari si mengi, lami imenyooka. Hapo ndipo mama ashike usukani, saa moja moja, azoee kabla hujamhitaji kwa dharura.

Masasi hadi Mtwara, km 200, pumzikeni Mikindani. Mtwara hadi Kilwa Masoko mnachepuka Nangurukuru, muone magofu ya Kilwa Kisiwani. Kisha nyumbani kupitia daraja la Mkapa la mto Rufiji. Kipande cha Somanga kilikatwa na mafuriko mwaka 2024, kimbunga Hidaya kikiwamo, na madaraja yakaanza kujengwa upya. Sikilizeni matangazo ya TANROADS (wakala wa barabara) Lindi kabla ya kutoka Mtwara. Hakikisheni mnaingia Mbagala kabla ya saa nane mchana, la sivyo foleni itawamaliza.

Siku za kuendesha ni tisa. Pamoja na kupumzika hesabuni 15 au 16.

Mafuta: kilomita 2,500 pamoja na mizunguko ya mijini, gari likienda kilomita 10 kwa lita, ni lita 250. Ongeza 30 za akiba. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za mafuta) inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, tena tumia bei ya Songea au Mtwara, si ya Dar. Tanki likifika nusu, jaza. Usisubiri taa kati ya Songea na Masasi.

Trafiki: kibao cha 50 kikianza, punguza mwendo kabla ya kukifikia, na usiongeze mwendo mpaka uone kibao cha kukimaliza. Askari wenye tochi (kipima mwendo) husimama karibu na mwisho, pale kijiji kinapoonekana kimeisha. Faini ni 30,000 kwa kosa, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kwa simu au benki, si mkononi.

Muuguzi_Mwandamizi

Shikamoo baba, shikamoo mama. Mnaniruhusu niwe mkali kidogo kwenye dawa.

Baba, dawa za kukojosha ndizo wasafiri huziruka, kisha wanaacha na maji ili wasisimame njiani. Presha inapanda, damu inakuwa nzito, na miguu iliyokunjwa kwa saa nne inaweza kuganda damu ndani. Usiziruke. Muulize daktari wako kabla ya safari kama unaweza kuzinywa mchana ukishafika mnakolala. Simameni kila saa moja na nusu, mshuke, mtembee dakika kumi. Vipande vya safari mlivyopewa ni vifupi, muda upo.

Mkipata mafua, zile dawa za mafua zinazoleta usingizi dereva asimeze. Chakula cha mchana kiwe kidogo; ugali wa kushiba saa saba na usukani saa nane haviendi pamoja.

Mama, insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30 kulingana na maelezo ya boksi. Ndani ya gari lililoegeshwa Masasi joto hupita hapo haraka, kwa hiyo mkishuka, insulini inashuka nanyi. Isikae kwenye dashibodi wala buti, na isigusane na barafu: ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Gawa mikoba miwili. Mmoja ukipotea mwingine upo.

Siku ya zamu yako ya usukani, pima sukari kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa mbili. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, kula kwanza. Ukihisi kutetemeka au jasho baridi, egesha, zima gari, kunywa soda yenye sukari, na usiendeshe mpaka dakika 45 zipite tangu sukari irudi sawa.

Bebeni dawa za safari nzima na wiki moja ya ziada, cheti cha daktari, na chandarua, kwa kuwa Ruvuma, Lindi na Mtwara malaria ipo. Hospitali kubwa za kuzijua njiani: ya rufaa ya mkoa Iringa, Peramiho karibu na Songea, Ndanda baada ya Masasi, Nyangao kabla ya Lindi, na ya rufaa ya kanda pale Mtwara.

Mstaafu_Kibaha

Nawashukuru sana, hili ni somo kamili. Mawili yamebaki: kwenye mteremko wa Lukumburu, gari la otomatiki niweke gia gani? Na gesti isiyo na friji, insulini tuifanyeje?

Fundi_Tabata

Kabla mteremko haujaanza, bonyeza kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) pembeni ya mkono wa gia ili kuizima, taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi. Bado gari linakimbia? Ukiwa chini ya kilomita 60, shusha kwenye 2. Injini itanguruma kwa nguvu. Ndiyo kazi yake, haiharibiki mradi mshale wa mizunguko haufiki kwenye nyekundu. Breki bonyeza kwa nguvu mara moja, punguza mwendo, achia kabisa zipoe. Usizishikilie kidogo kidogo mpaka chini. Na usiweke N kwa kisingizio cha kuokoa mafuta.

Muuguzi_Mwandamizi

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Weka ndani yake kingine kidogo, jaza mchanga kati yao, lowesha mchanga asubuhi na jioni, insulini iwe kwenye mfuko mkavu ndani ya kile kidogo, funika kwa kitambaa kibichi. Kiwekwe kivulini penye upepo. Njombe hamtakihitaji; Tunduru, Masasi na Mtwara mtakihitaji. Mtwara na Kilwa hewa ni ya unyevu na maji hayakauki upesi, kwa hiyo huko kinapoza kidogo tu. Kwa miji hiyo miwili tafuteni gesti yenye friji, na muulize kwa simu kabla ya kulipa.