Nahamisha santuri za babu kwenye kompyuta, nyanya asema "huyu siye". Naomba ushauri

BintiKuze

Hamjambo nyote. Tangu babu afariki, sanduku lake la santuri limekuwa chini ya kitanda cha nyanya huku Kuze, Mombasa, limefunikwa leso. Mwezi uliopita tulipaka nyumba rangi ndipo likatoka. Nimehesabu sahani 49. Ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zenye tundu pana ni 38, nyingi ni taarabu ya hapa hapa, lebo ya Mzuri, akina Matano Juma na wenzake. Zilizobaki 11 ni za 78, nzito kama sahani za udongo, za Kihindi na za Kimisri. Kadhaa zimeota ukungu, hewa ya Mji wa Kale mwaijua.

Nilipeleka swali kwa duka moja la mjini, wakaniambia shilingi 500 kila upande. Pande 98. Nikapiga hesabu, nikashukuru, nikatoka.

Binamu yangu amerudi kutoka Marekani na kinanda cha santuri cha zamani, kizima, kina kasi tatu: 33, 45 na 78. Chatumia volti 110, kwa hivyo nimenunua transfoma ya kushusha umeme nikaiweka kando yake mezani. Zile waya mbili za nyuma nimeziunganisha kuwa plagi moja, nikachomeka kwenye tundu la hedifoni la laptopu (lipo moja tu), nikapakua Audacity, programu ya kurekodi sauti, nikarekodi.

Sauti yatoka nyembamba, kama redio iliyofungiwa ndani ya debe, besi hakuna. Tena kuna mvumo, uuuuu, mwanzo hadi mwisho. Lakini lililonitia unyonge ni la tatu. Nilimvisha nyanya hedifoni nikampigia wimbo wa mwanamke aliokuwa akiupenda. Alisikiliza hadi mwisho, akavua, akanirudishia: "Huyu siye. Huyu ni mwanamume ana mafua." Ana miaka 84. Mama asema ni masikio yamechoka. Mimi nina wasiwasi.

Nina shilingi 10,000 za kutumia. Nifanyeje?

MpigaMbizi_Likoni

Nafuatilia. Sisi pia tunalo sanduku, ila la kwetu panya wamelisoma kabla yetu.

KahawaChungu

Dada usijisumbue. Kuna vile vinanda vya mkoba, vya rangirangi, vina USB yake. Wachomeka, wabonyeza, yamekwisha. Kizee cha Marekani mrudishie binamu.

FundiRedio_Makadara

KahawaChungu, hivyo vya mkoba vingi vina katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya bei rahisi na mkono mzito. Sahani ambayo haipatikani tena dukani huiwekei mzigo kama huo. Kinanda alicho nacho dada ni bora mara kumi.

BintiKuze, nianze na wembamba wa sauti. Kiwandani, sahani inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi na sauti kali huongezwa. Besi ikiachwa ilivyo, mfereji utayumba mno, nafasi iishe na sindano iruke. Kwenye 20 Hz, yaani chini kabisa, besi hupunguzwa karibu desibeli 20, si mchezo. Kwa hivyo anayepiga lazima airudishe, na hiyo ndiyo kazi ya priampu ya santuri. Kipimo chake huitwa RIAA, viwanda vilikubaliana juu yake katikati ya miaka ya 1950. Wewe umepitisha sauti mbichi, wala si masikio ya nyanya.

La pili, tundu moja la laptopu ni la maikrofoni ya simu. Hupokea chaneli moja tu, na hukusudiwa sauti ya mtu anayeongea. Tafuta kisanduku cha nje cha USB chenye priampu ndani yake. Behringer UFO202 ni kidogo kama kiberiti kikubwa, kina swichi ya kuchagua santuri na kina skrubu ya kufungia waya wa ethi. Ulizia na vya mtumba.

Na mvumo: kinanda chako kina kiwaya chembamba cha tatu, aghalabu cheusi au kijani, kinaning'inia nyuma? Hicho ndicho ethi, kifunge kwenye ile skrubu. Ukirekodi, chomoa chaja, laptopu itumie betri yake. Halafu umesema transfoma iko mezani kando ya kinanda. Iondoe hapo! Katriji ni sumaku na koili, nayo transfoma yamwaga sumaku pande zote. Ni sawa na kumlaza mtoto kando ya jenereta. Iweke chini sakafuni, mita moja na zaidi.

La nyanya nataka kulifikiria. Hakikisha kwanza kitufe kilikuwa 45 si 33.

UdiNaGanuni

Kabla ya waya zote hizo, mwanangu, zioshe. Sindano ikipita juu ya ukungu yaukandamiza ndani ya mfereji, na yenyewe yaota ndevu.

Zoezi hilo lifanyie barazani, ufunge pua na mdomo, vumbi la ukungu si la kuvuta. Kwanza brashi laini, kavu. Kisha maji ya betri, yale ya chupa ya kwenye kituo cha petroli. Nasema maji, si asidi, soma chupa vizuri! Hayana chumvi. Maji ya kisima cha Mombasa yakikauka yaacha chokaa, utasikia kutatarika kama bajia kwenye karai. Tia tone moja la sabuni ya vyombo, tumia kitambaa laini, ufuate duara la mifereji, usikate katikati. Suuza kwa maji yale yale bila sabuni. Karatasi ya lebo isilowe, yachanika. Zianike zikiwa zimesimama, kivulini. Nilimwona mtu akiziweka juani zikauke upesi, zikawa kama mahamri.

Zile 11 za 78 ni habari nyingine. Zile si plastiki, ni lakiri. Spiriti isizikaribie kabisa, yaiyeyusha lakiri. Na usizishike kwa mkono mmoja, ikianguka moja ni vigae. Jamii hiyo ndiyo waliyorekodia akina Siti binti Saad walipokwenda Bombay mwaka 1928.

FundiRedio_Makadara

Naongeza kwa hilo la 78: mfereji wake ni mpana. Sindano ya kawaida yatumbukia hadi chini kwenye taka na kuparuza. Sindano yake ni pana zaidi ya mara tatu, huuzwa peke yake. Anza na zile 38, hizo kubwa zingoje.

BintiKuze

Shukran sana. Kitufe kilikuwa 45, nimeangalia mara mbili. Zile za 45 nimeziosha zote isipokuwa sita, wajukuu wote wamepewa kitambaa. Transfoma nimeishusha sakafuni, mvumo umepungua zaidi ya nusu papo hapo, sikuamini. Kisanduku nimepata cha mtumba, kitafika Alhamisi.

Ila nimempigia nyanya tena, moja kwa moja kupitia amplifaya ya mjomba yenye tundu la santuri. Besi ipo, tamu. Nyanya: "Siye."

FundiRedio_Makadara

Sasa nimepata. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, weka 45, shika saa ya simu, hesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika 1. Ulete jibu hapa.

BintiKuze

Mara ya kwanza 37. Mara ya pili mdogo wangu kahesabu 38.

FundiRedio_Makadara

Mwombe nyanya radhi wote mliosema masikio yamechoka 😀

Umeme wa Marekani ni wa hezi 60 (mawimbi 60 kwa sekunde), wetu ni wa 50. Transfoma yashusha volti, hezi haizigusi. Vinanda vingi vya zamani vina mota inayozunguka kwa kufuata hezi za umeme, kwa hivyo hapa chazunguka kwa 50 juu ya 60. Chukua 45, zidisha kwa 5, gawanya kwa 6: 37.5. Ndiyo hesabu yako. Sauti hushuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu, yaani hatua tatu za vitufe vya piano, na mwanamke akishuka hivyo hugeuka mwanamume mwenye mafua, kama alivyosema mwenyewe. Sisi tusioujua wimbo tungepita tu, tungeona ana sauti nzito.

Viwanda vingine vilitoa puli mbili, ya 50 na ya 60, ukiipata ya modeli yako waibadilisha. Usipoipata, rekodi hivyo hivyo, kisha ndani ya Audacity tumia amri ya kubadili kasi pamoja na kimo cha sauti, uzidishe kwa 1.2. Usichukue ile ya kubadili mwendo peke yake, ile huacha kimo kilivyo na nyanya atakuuliza tena. Marekebisho ya besi yatahama kidogo, lakini kwa kusikiliza nyumbani hutatambua.

Rekodi kwa biti 24 kisanduku kikiweza, vilele vya sauti visivuke desibeli 6 chini ya mwisho, maana ikigonga juu imekatika na haishoneki. Faili la kwanza liwe WAV au FLAC, zile zisizopunguza ubora wa sauti, uliweke kando, usiliguse. Usafi wote ufanyie nakala. Ile dawa ya kuondoa kelele watu huimeza yote, fidla zikasikika kama zapigwa chini ya maji. Mikwaruzo midogo iondoe, mchakacho kidogo uache.

MpigaMbizi_Likoni

Nafasi je? Laptopu yangu imejaa picha za harusi.

FundiRedio_Makadara

Hata ukipanda hadi biti 24 na 96 kHz, dakika moja ni kama MB 35. Pande zake 98 za dakika 3 hazifiki GB 11. Flashi ya GB 32 yazimeza zote, ila weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu, si ya kuhifadhi.

KahawaChungu

Nakubali nimeshindwa. Zikiwa tayari utuwekee YouTube?

UdiNaGanuni

Taratibu. Kwa sheria ya Kenya rekodi yenyewe hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, lakini mashairi na muziki vina haki yao mbali, hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Wengine watoto wao twasali nao msikiti mmoja. Nyumbani sikilizeni, ya YouTube waulizwe wenyewe.

BintiKuze

Kisanduku kimefika. Nimefunga ethi, nimechomoa chaja, nimerekodi upande mmoja, nimezidisha kwa 1.2.

Nyanya alikuwa achambua mchicha. Sikumwambia kitu, nimebonyeza tu kwenye spika. Fidla zilipoanza mkono ukasimama. Mwimbaji alipoingia, nyanya akaingia naye, neno kwa neno, hadi beti ya tatu ambapo sahani ina mkwaruzo, ikaruka. Yeye hakuruka, akaimba lile neno lililokosekana.

Kisha akaniuliza sehemu ya pili ya wimbo iko wapi. Sehemu ya pili iko kwenye sahani nyingine, mojawapo ya zile sita zenye ukungu. Asema hali mchicha kabla sijaiosha sahani hiyo, kwa hivyo naenda kununua maji ya betri.