Xolo au Chinese Crested kwa nyumba ya ghorofa Nairobi?

Mama_SouthB: Wadau, tunaishi ghorofa ya tatu, watoto wawili, na mzee wa nyumba ana aleji ya mbwa. Nimekwama kati ya mbwa wawili wasio na manyoya, Xoloitzcuintli (Xolo) wa Mexico na Chinese Crested. Aliyewahi kukaa nao anieleze sura na tabia.

BabaTiko: Chukua Xolo. Ila uliza urefu wa wazazi kabla hujalipa, maana wapo wa saizi tatu: wadogo huanzia kama sentimita 25 begani, wakubwa hufika 60. Ngozi ni nyororo, nyeusi au ya kijivu, masikio yamesimama kama ya popo, na akisikiliza jambo paji la uso hujikunja. Ukimpapasa tumbo utadhani ana homa. Hana, joto lake ni la mbwa yeyote, ni vile tu hakuna manyoya katikati. Mtulivu, habweki ovyo, mgeni humtazama kwa mbali. Mwenyewe humfuata hadi mlango wa choo! Lakini kabla ya miaka miwili, ficha viatu.

Wanja_Ngong: Crested umemruka, Baba Tiko. Huyo ana nywele kichwani, mkiani na miguuni, kwingine kote ni upara. Kilo tano hivi, mchangamfu, anapenda kupakatwa. Shida ni mifupa myembamba. Mama, watoto wana umri gani?

Mama_SouthB: Minne na saba.

Wanja_Ngong: Wa minne akimwangusha kutoka kwenye kochi, mguu umeenda.

Daktari_Ruiru: Wote wawili, pamoja na yule wa Peru, upara wao unatokana na jeni moja, FOXI3, iliyotambuliwa mwaka 2008. Jeni hiyo hugusa na meno, kwa hiyo mapengo si ugonjwa. Pia mama mmoja anaweza kuzaa wenye upara na wenye manyoya kwa mkupuo mmoja. Kuhusu aleji, kinachosumbua kiko kwenye mate na magamba ya ngozi, hata kwa mbwa asiye na unyoya. Mzee akashinde naye kwanza.

Kijana_Umoja: Na American Hairless Terrier?

Daktari_Ruiru: Jeni tofauti, meno kamili. Chanzo chake ni kijibwa jike kilichozaliwa Louisiana mwaka 1972.

BabaTiko: Na ni terrier kwelikweli, jamii ya mbwa wachimbaji. Atafukua kila chungu cha maua hapo kwenye balkoni.

Wanja_Ngong: Yeyote utakayemchukua, Julai ni sweta. Jua la Januari nalo linaunguza, hasa ngozi yenye mabaka meupe. Mpake mafuta ya kuzuia jua yasiyo na zinki, maana atajilamba. Chunusi mgongoni usishtuke, ni kawaida yao.

Mama_SouthB: Basi Xolo wa saizi ya kati. Kuna jamaa amenitumia picha, bei nafuu mno.

Daktari_Ruiru: Mbwa wa kawaida mwenye ukurutu naye hukosa manyoya. Ngozi ikiwa na magamba mengi na anajikuna, huenda huyo si Xolo. Mwambie akutumie picha ya meno.

Mama_SouthB: Nimemwomba. Amenyamaza.