Naomba ushauri: rangi ya awali ya gari la kale imeungua kwa joto la taa
Ndugu wapenzi wa magari ya kale, ninamiliki gari la mwaka 1958 ambalo bado lina rangi yake ya kiwandani ya nitroselulosi (aina ya laka iliyotumika zamani kwenye magari). Wiki iliyopita, nikikagua injini, niliweka taa ya halojeni ya wati 500 karibu mno na madigadi ya mbele, nikaisahau kwa dakika chache. Niliporudi nilikuta sehemu yenye ukubwa wa kiganja imepoteza mng'ao, katikati pametokea malengelenge madogo, na pembeni pana nyufa nyembamba kama nywele. Imeniuma sana, kwa sababu rangi ya awali ikishaondolewa hairudi.

Ninafahamu kwamba rangi ya aina hii hulainika tena ikipata joto, na kwamba huyeyuka kwa thina hata baada ya miaka mingi. Ndiyo maana ninajiuliza kama fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kutengeneza doa hilo pekee, akiunganisha rangi mpya na ya zamani ukingoni, au kama malengelenge yanaonyesha kwamba rangi ya msingi nayo imekwisha kuachana na bati. Je, nisubiri, au unyevu utapenya kwenye nyufa na kuleta kutu?

Taa za kukagulia nimekwisha kuzibadili. Kinachonitia hofu sasa ni mashine ya kung'arisha, hasa kwenye kingo, ambako rangi huwa nyembamba na joto la msuguano hupanda haraka: mnatumia kasi gani, na mnatambuaje kwamba bati limepata joto kupita kiasi?