Mtoto ana mzio wa njugu karanga, mnakulaje nje? Naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Kijana wangu wa miaka 7 ana mzio wa njugu karanga. Nyumbani hapa Umoja tumezoea, shida ni tukitoka. Juzi kwenye mkahawa mmoja mjini nilimuuliza mhudumu kama managu ina karanga, akasema haina. Vijiko viwili tu, midomo ikavimba, akaanza kukohoa. Kumbe mpishi huunga mboga zote za kienyeji kwa karanga ya kusaga! Sidhani mhudumu alidanganya, hakujua tu. Sasa natembea na sindano ya adrenalini, dawa ya dharura mzio ukimzidi, mkobani.

Je, nyinyi huingia jikoni kuongea na mpishi mwenyewe? Na vibandani, ambako mwiko ni ule ule kwa kila sufuria, mnathubutu? Shuleni nako mwalimu anaona namdekeza mtoto.